Umekwama Nyumbani na Unataka Kuandika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali watu huniuliza sana tangu nivunjike mguu nikakaa ndani wiki 11 pale Manyatta, Kisumu, na nikaandika kuliko miaka mitatu ya nyuma yote ukiijumlisha. Wanaouliza wengine ni wagonjwa, wengine wamejifungua juzi, wengine kazi imeisha, wengine ni mvua tu ama zile siku barabara zimefungwa na hakuna mtu anatoka. Majibu ni ya mambo nimefanya mwenyewe na yale nimeona wenzangu wakifanya. Ruka uende kwa swali lako, na mahali nimekutuma kwa swali lingine ni kwa sababu sitaki kurudia.

## Mwanzo kabisa

1. Niko ndani siku ya nne na sina kitu cha kuandika. Nianzie wapi?

Anza na masikio. Watu hupenda kusema angalia nje ya dirisha, lakini nyumba zetu nyingi dirisha linaangalia ukuta wa jirani ama kamba ya nguo, na ukuta ukiuangalia siku tatu umeumaliza, ila masikio yanafika mpaka ploti ya pili. Kaa dakika 20 bila simu na bila redio, andika kila sauti vile inakuja, moja baada ya ingine, usiipambe, usiandike inakukumbusha nini. Orodha yangu ya kwanza nikiwa na plasta mpaka gotini ilikuwa hivi: mtungi unaburutwa, mtu anakohoa, omena inaingia kwa mafuta moto, mtoto anasoma ba be bi bo bu, boda inazimwa kwa geti, mama anasema "aliniambia ni Ijumaa" na mlango unafungwa.

Ile ya mwisho ilinikalia kichwani usiku mzima. Nani alimwambia, na Ijumaa ilikuwa ya nini? Wakati huo sikujua na sikuuliza, nikachukua daftari nikaandika kurasa sita za mwanamke anayengoja Ijumaa, na hiyo ndio ikawa hadithi yangu ya kwanza kumaliza baada ya muda mrefu sana. Kama unaogopa kuandika mambo ya majirani, soma kwanza swali la 17.

2. Kwangu ni kimya. Naishi peke yangu na hakuna kitu hutendeka.

Kuna rafiki yangu wa Nakuru, upande wa Kaptembwo, aliniambia hivyo hivyo. Nikamwambia aandike kitu kila mara anapoinuka kutoka kwa kiti, ameinuka kwa nini, basi. Jioni alikuwa na mistari 31. Mara tisa alikuwa ameenda mlangoni bila sababu, na hakuwa anajua kama anaenda mlangoni. Hapo akajua anangoja mtu, na akamjua ni nani.

3. Si afadhali ningoje msukumo uje wenyewe?

Mimi nilingoja kutoka mwaka wa 2020 wakati wa kafyu, ile ya saa moja jioni, nikisema sasa niko na muda wote lazima ilhamu ije, na hakukuja kitu. Miezi ikaisha nikiwa na vichwa vya hadithi pekee. Nilipovunjika mguu sikungoja, niliandika orodha za sauti kila siku hata zikiwa mbaya, na kwa siku kumi pengine mbili zilikuwa na kitu. Kwa hivyo kama unataka hesabu yangu, ni hiyo, mbili kwa kumi, na huwezi kujua mapema ni zipi.

4. Saa gani ni nzuri?

Kama uko kwa nyumba ya mabati Kisumu, kutoka saa sita hadi saa kumi usijisumbue, joto linakula akili, lala ama uoshe vyombo. Saa kumi na moja alfajiri kabla majirani waamke ni nzuri, na jioni mvua ikija hewa inapoa ghafla, hapo pia kichwa kinafunguka. Kakamega na Kisii baridi iko lakini mvua ya mchana ina kelele kweli kweli juu ya paa, na wengine wanaipenda.

## Vitu viko ndani ya nyumba

5. Watu husema "chagua kitu kimoja uandike." Kitu gani, na nakifanyia nini?

Chagua kitu ambacho si cha maana. Picha ya harusi usiiguse kwanza, kwa sababu kila mtu anajua vile anafaa kujisikia akiiona, na utaandika hivyo hivyo. Chukua thamosi iliyovunjika kifuniko, ile kalenda ya miaka miwili iliyopita bado iko ukutani, leso iliyogeuzwa pazia. Jiulize mambo matatu ya kawaida tu: ilifikaje hapa, nani alikuwa anaitumia na sasa haitumii, na kwa nini hakuna mtu ameitupa. Hilo la tatu ndilo hufungua mlango. Kwetu kuna sufuria moja imebonyea upande, haipikiwi, haitupwi, na nilipouliza nikaambiwa ndiyo ilipikia uji wa matanga ya babu. Nimeiona sufuria hiyo miaka 20 na sikuwahi kujua.

Njia ya pili ni ya kitendawili. Tulikua navyo, ni vyetu, na hatuvitumii. "Nyumba yangu kubwa, haina mlango." Yai. Angalia vile kitendawili kinakunyang'anya jina la kitu, na jina likitoka unalazimika kukiona. Tega vitendawili vitano vya vitu viko mbele yako sasa hivi, vipya, visiwe vya shuleni. Mkiwa na watoto ni rahisi zaidi, wao wanatega haraka kuliko sisi na hawaogopi kukosea. Wa jirani yangu, miaka saba, alisema: "Anakula siku nzima hashibi, akishiba analia." Mtungi chini ya mfereji ambao unatiririka kidogo kidogo! Maji yakifika juu yanaanza kumwagika na kupiga ile sauti. Nilikaa na hiyo siku mbili.

6. Na dirisha je? Langu linaangalia ukuta.

Angalia mwanga, usiangalie ukuta. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, ile laini yenyewe inapita Maseno kwenye barabara ya kwenda Busia, na hiyo inamaanisha jua letu la saa sita hukaa kaskazini nusu ya mwaka, kutoka karibu Machi 21 hadi Septemba 23, halafu linahamia kusini nusu ingine. Dirisha langu la jikoni linaelekea upande wa Kakamega. Mwezi wa sita jua linaingia linagusa sinia na kikombe, mwezi wa kumi na mbili haliingii hata kidogo. Nimeishi hiyo nyumba miaka na sikuwa nimeona mpaka nikavunjika, kwa sababu mchana sikuwa nyumbani.

Kwa hivyo weka alama ya chaki pale mwanga unaishia ukutani, saa ile ile, kila siku, na kando yake andika mstari mmoja. Ukikaa ndani mwezi mmoja utaona alama zinatembea. Mimi nilikuwa naogopa kwamba siku zangu zimesimama, na kumbe zilikuwa zinaandikwa hapo ukutani.

7. Stima ikipotea na mvua inanyesha sioni kitu. Nifanye nini?

Tunga shairi, na ulitunge kichwani, la arudhi. Wengi wanaogopa mizani (hesabu ya silabi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana) wakidhani ni mambo ya mtihani wa sekondari, lakini mtu amekwama gizani hana rafiki mzuri kama vina, kwa sababu hauhitaji karatasi, unashika mstari mmoja unaurudia mpaka ukae. Sheria zenyewe ni chache: mshororo, yaani mstari, una mizani 16, unaukata mara mbili, 8 na 8. Ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza vina vya kati vinafanana na vya mwisho vinafanana, na wa nne unaweza kuufanya kibwagizo unaorudi kila ubeti. Huu niliutunga usiku mmoja wa mwezi wa tano, mvua inapiga mabati tangu saa mbili:

*Paa linapiga ngoma, nimeketi sebuleni,*
*Umeme ushatuhama, koroboi i mezani,*
*Kalamu yangu yahema, yatafuta neno ndani,*
*Mlango hata ufungwe, sauti hunifikia.*

Si shairi kubwa. Lakini nilikuwa nimeshika "ngoma" na "ushatuhama" na nilitaka neno lingine la -ma, nikapitia "nyama", "simama", "kiama", yote yakakataa, nikafika "yahema", na kabla ya hapo sijawahi kufikiria kalamu inaweza kuhema. Hiyo ndiyo kazi ya kina, kukupeleka mahali hungeenda kwa hiari yako.

8. Mimi natoka familia ya hadithi lakini sikumbuki hata moja vizuri.

Piga simu nyumbani. Dani ama kukhu (yaani nyanya), shangazi yeyote mwenye umri, na usimwombe "hadithi" kwa sababu atasema amesahau. Uliza jambo dogo: mvua ikikataa kuacha mlikuwa mnafanya nini? Nani alikuwa anafunga mlango usiku? Hapo atafunguka na utajuta bando yako ni ndogo. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alijenga baadhi ya hadithi zake juu ya masimulizi ya zamani ya Wajaluo, na hayo masimulizi bado yako vinywani mwa watu wazima wa kwenu.

Chukua Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Watu husimulia kwamba usiku mmoja bibi kizee alifika kijijini akiomba mahali pa kulala na chakula, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akampokea, na kijiji kikazama majini. Wengi wakiandika tena hii hadithi wanamfuata bibi. Wewe umekwama ndani, kwa hivyo kaa upande wa ndani. Wewe ni wa tatu kugongewa mlango. Umesikia mlango wa kwanza ukifungwa, umesikia wa pili, unajua anakuja kwako na moto umewaka na watoto wamelala. Unafikiria nini hizo hatua kumi kabla afike? Niliandika hiyo na sikulala.

Ama nyawawa. Ukikaa karibu na ziwa unajua zile usiku watu wanaanza kugonga sufuria, mitungi na milango kufukuza hizo roho zinazosemwa zinatoka ziwani zikipita, kelele inaanza ploti ya mbali inashikwa na ya pili mpaka inafika kwako. Ulikuwa unagonga nini? Nani aligonga kwa nguvu zaidi, na nani hakugonga?

## Kazi yenyewe

9. Sina laptopu. Simu inatosha?

Inatosha kabisa. Tumia sehemu ya noti, ama rekodi sauti yako ukiongea halafu uandike baadaye. Kibodi ya Google inaweza kuandika Kiswahili ukiongea, inakosea hasa mahali umechanganya lugha, lakini inakupa kitu cha kurekebisha. Mimi bado napendelea daftari la kurasa 96, sababu ni moja tu, chaji haiishi na notisi haziingii katikati ya sentensi.

10. Tunaishi chumba kimoja, watu watano. Nitaandikia wapi?

Hapa wengi ndio huacha, na nataka nijibu vizuri kwa sababu ushauri mwingi unaanza na "tafuta kona yako," na kona hakuna. Kwanza waambie watu wa nyumba. Ukificha utaonekana kama una siri, utaulizwa unaandikia nani, na kama una mume ama mke hapo ni vita. Sema wazi, "nataka dakika 15 baada ya chakula, nisiitwe." Dakika 15, usiombe saa nzima, hutapewa na utakasirika. Pili, tumia ishara ya kuonekana. Dada mmoja Nyalenda hujifunga leso fulani ya manjano kichwani akiandika na watoto wake wanajua mama amevaa ya manjano, tunauliza baba. Mwingine huandika akiwa foleni ya maji. Mwingine huandika jikoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, maharagwe yakichemka, na yeye huwa anasema maharagwe yamempa kitabu kizima kwa sababu hayaharakishwi.

Tatu, kelele zenyewe ziingize kwa kazi. Mkibishana kuhusu rimoti, andika ubishi ule neno kwa neno siku hiyo. Mazungumzo ya watu watano ndani ya chumba kimoja hakuna darasa litakufundisha, nani anamkata nani, nani husema na mgongo, nani hujibu swali ambalo hajaulizwa.

11. Nimejifungua, mtoto ana wiki sita, silali. Hii yote inawezekana kweli?

Pole mama, na hongera. Kwa sasa usiandike hadithi. Andika sentensi moja kila ukinyonyesha usiku, kwa simu, kwa mkono mmoja, hata ikiwa ni "saa tisa na robo, jogoo wa jirani amechanganyikiwa tena." Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho hungeweza kukikumbuka kamwe, kwa sababu hiyo miezi akili haihifadhi. Ukiona giza limezidi, hutaki kumshika mtoto ama unafikiria kujidhuru, hiyo si shida ya kuandika, mwambie mtu wa karibu leo na uende kliniki.

12. Nikishika simu niandike najikuta kwa video masaa mawili.

Zima data kwanza, ndio ufungue noti. Ama rudi kwa daftari, swali la 9.

13. Niandike lugha gani? Nyumbani tunachanganya Dholuo, Kiswahili, Kiluhya na Sheng.

Msimulizi wako mpe lugha moja unayoiweza vizuri, na watu waache waongee venye wanaongea. Mama akisalimia "Oyawore" mwache aseme Oyawore, mgeni kutoka Vihiga akisema "Mulembe" hivyo hivyo, msomaji ataelewa ni salamu kutokana na mtu anaitikia. Ukigeuza wote waseme "Habari ya asubuhi," umewavalisha sare. Kitu kimoja tu cha kuangalia, usiweke neno la kikwenu kwa sababu unataka kuonekana wa kikwenu, liweke kwa sababu huyo mtu angelitumia.

## Ukikwama katikati

14. Naanza vizuri halafu ukurasa wa pili unakufa.

Mara nyingi ni kwa sababu umeleta sauti moja na hakuna mtu anayeijibu. Rudi kwa orodha ya swali la 1, chukua sauti ya pili isiyohusiana kabisa, uilete ndani ya hiyo nyumba. Mwanamke wangu wa Ijumaa alikuwa amekwama ukurasa wa pili, amekaa tu anangoja na mimi nangoja naye. Nikaleta yule mtoto wa ba be bi bo bu, akawa mtoto wa jirani anaachwa kwake kila mchana. Sasa mtoto anauliza "Ijumaa ni kesho?" na mama inabidi ajibu. Hadithi ikatembea yenyewe mpaka mwisho.

15. Kila nikiandika inatoka kuhusu ugonjwa wangu tu. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Nakuelewa. Wiki tatu za kwanza nilikuwa naandika mguu, mguu, mguu. Usijilazimishe kuacha, mpe mtu mwingine huo mguu. Fundi wa viatu amevunjika. Refa wa mechi za mtaani amevunjika. Bibi arusi amevunjika na harusi ni Jumamosi. Maumivu unayajua kwa undani, kwa hivyo hutadanganya hapo, na yale mengine yote inabidi utafute, na kutafuta ndiko kunakutoa kitandani.

16. Kuna mtu amewahi kuandika kitu cha maana akiwa amefungiwa kweli?

Wako, na wengine walifungiwa na serikali. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya maandishi ya kuikosoa serikali, na ndani ya jela akatunga mashairi akiyaandika kwa karatasi za choo. Yalitoka mwaka 1973 kama diwani, yaani kitabu cha mashairi, ya *Sauti ya Dhiki*, na ni mashairi ya arudhi, mizani imetimia, vina vimetimia. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alizuiliwa jela ya Kamiti mwaka mzima wa 1978 bila kesi na akaandika riwaya ya Kikuyu, pia kwa karatasi za choo.

Siwataji ndio ujione mvivu. Mateso yao si sawa na mguu wangu ama mvua yako. Nawataja kwa sababu ya kitu kimoja cha kazi: mtu ambaye hana karatasi hupima neno kabla aliandike. Jaribu wiki moja kuandika kwa vipande vidogo pekee, risiti, bahasha, kifuniko cha boksi la kiberiti, uone vile sentensi zako zinabadilika.

## Maswali magumu

17. Ni sawa kuandika mambo ya majirani wangu?

Hili naliulizwa kuliko yote na nimelifikiria sana, kwa sababu mwandishi aliyekwama ndani ya ploti anasikia vitu ambavyo hakuitwa kuvisikia. Kuta ni nyembamba, na jirani yako hakuchagua ziwe nyembamba.

Mimi nimejiwekea hivi. Sauti naweza kuchukua, maneno mawili matatu naweza kuchukua, maisha ya mtu siwezi kuchukua. Maana yake neno "Ijumaa" ni la hewani, lakini kama nimesikia mama fulani amepigwa, ama binti fulani ana mimba, hiyo si yangu kuandika hata nikibadilisha jina, maana ploti ina milango minane na kila mtu atahesabu. Ukitaka kweli kuandika kitu cha mtu, badilisha kazi yake, umri wake na mji wake vyote vitatu, na kama bado anajulikana, mwendee umuulize. Aibu ya mtoto usiandike kabisa, atakua aisome.

Na yule mama wa Ijumaa? Tulikuja kujuana vizuri, alikuwa ananiletea maji nikiwa na magongo. Siku moja nikamwambia ukweli, nikamsomea hadithi yote. Alinyamaza, akaniambia yule wa Ijumaa alikuwa fundi wa cherehani aliyekaa na sare ya mtoto wake wiki tatu. Halafu akasema, "Lakini huyu mwanamke wako namjua." Sikumuuliza anamjua kutoka wapi. Nilimuuliza kama niendelee kuwaonyesha watu hiyo hadithi, akasema niendelee.

18. Na kama nyumbani ndipo pabaya? Naogopa mtu ninayeishi naye.

Basi kuandika si jambo la kwanza. Kenya kuna simu ya bure ya kusaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, 1195, na ya watoto ni 116. Ukiandika, usiandikie kwa simu ambayo huyo mtu huishika, na usiweke daftari nyumbani, mwachie mtu unayemwamini. Usalama wako unakuja mbele ya ukurasa wowote.

19. Namlinda mzazi aliyepata stroki. Siwezi kutoka na sina nguvu ya kubuni.

Usibuni. Muulize swali moja kwa siku, dogo la kujibika hata kama maneno yanatoka kwa shida. Ulikuwa unaenda soko la Kibuye Jumapili ukibeba nini? Nauli ilikuwa pesa ngapi? Mnyama gani alikuwa anakusumbua? Andika jibu kama lilivyotoka, na mahali alinyamaza andika "akanyamaza." Kaka mmoja wa Ahero amefanya hivyo na babake tangu mwaka jana, mzee alikuwa analima mpunga, na daftari sasa limejaa majina ya mifereji ya maji ambayo mtu mwingine hayakumbuki. Aliniambia babake siku hizi huamka amejiandaa, akimwona na kalamu anakaa wima.

20. Nimemaliza kitu. Nikipeleke wapi bila kutoka nyumbani?

Kwanza kisome kwa sauti kwa mtu mmoja, usimtumie, msomee, hata kwa simu. Mahali unajikwaa ndipo pa kurekebisha. Mashairi ya arudhi, Taifa Leo limechapisha ya wasomaji kwa miaka mingi, na kulisoma tu litakuonyesha kiwango. Kama una mswada mzima wa Kiswahili, riwaya ama diwani, kuna tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, soma masharti ya mwaka huo kabla ya kutuma. Na weka nakala mbili, simu huanguka kwa maji.

21. Nimepona, natoka kama kawaida, na sasa maneno yameisha kabisa. Kwani nivunjike tena?

Nilipotolewa plasta nilikimbia Dunga siku hiyo hiyo kuona ziwa, nilikuwa nimelikosa sana, nikabeba daftari na sikuandika neno. Ziwa ni kubwa na mimi nilikuwa nimezoea vitu vidogo. Mwezi mzima hivyo.

Kilichonisaidia ni kurudisha saa moja ya kukwama. Jumanne na Alhamisi nafika nyumbani, nafunga mlango, simu inakaa ndani ya sufuria iliyofunikwa, nakaa pale pale nilikuwa nakaa na mguu juu ya mto. Dakika za kwanza ni kero tu, unasikia kila kitu unafaa kuwa unafanya. Halafu mtungi unaburutwa, na mtu mwingine siku hizi ndiye anakohoa, na yule mtoto wa ba be bi bo bu amefika kusoma sentensi nzima.